Mwanya wa Mama

Kasongo, tarehe 2 Septemba 2024

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Dieudonnée,

Pokea salamu zangu. Nilifika salama, ingawa kilima kimoja nilikipanda kwa miguu huku pikipiki ikisukumwa. Mama anaendeleaje na macho yake? Na wewe, mgongo umetulia?

Nimesahau kitu kwako: kijikasha cha buluu, juu ya kabati karibu na kitanda. Ndani mna apareyi yangu ya meno, ile ya plastiki angavu niliyokuonyesha. Unakumbuka nilivaa waya miaka miwili nilipokuwa chuoni Bukavu. Meno yaliponyooka, daktari alizitoa waya akanipa apareyi hiyo niivae kila ninapolala, kwa sababu meno yasiposhikwa hurudi yalikotoka. Tafadhali ioshe kwa maji baridi tu, kwani maji ya moto huipinda, kisha umpe Chadrack wa pikipiki aniletee.

Mdogo wako,
Aimée


Kabambare, tarehe 15 Septemba 2024

Mudogo wangu mupenzi,

Sisi wote hapa tunakusalimu. Mama iko, anakula vizuri, ila macho yanazidi kukataa. Mugongo wangu unauma, lakini shamba halijui hiyo.

Ile kijikasha nimeitafuta. Nimeinua godoro, nimefagia chini ya kabati, hata mu sanduku ya Mama nimetazama. Hakuna. Pengine ilianguka njiani. Usihuzunike sana. Ulikuwa na meno mazuri mbele ya plastiki yoyote kuja.

Yaya yako,
Dieudonnée


Kasongo, tarehe 3 Novemba 2024

Yaya,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, Mama kwanza. Mimi sina homa, ila kinywa changu kinabadilika. Mwishoni mwa Septemba ukingo wa karatasi ulianza kupita kati ya meno yangu mawili ya mbele. Leo inapita karatasi iliyokunjwa mara mbili. Yale ya chini, ambayo kabla ya waya yalikuwa yamepandana hadi kunikata ulimi, yameanza tena kusukumana. Darasani nafundisha nikiwa nimefunika kinywa.

Jana sokoni nilikutana na Apolline, jirani yenu mshonaji, aliyekuja kununua vitambaa. Alinitazama akasema, "Aimée, unaficha kinywa na mukono sababu gani? Meno yako ya plastiki iko kwa yaya yako! Alituonyesha, akaivaa juu ya meno yake, tukacheka mpaka machozi!"

Nilicheka naye ili asijue. Tangu hapo najaribu kukutetea: labda uliipata baada ya kuniandikia, labda Apolline anachanganya siku. Lakini nilimuuliza ilikuwa lini, akajibu kwamba ni siku ileile Chadrack alipoleta barua yangu, nawe ulikuwa na barua hiyo mkononi.

Kama nimekosea, nisahihishe. Kama sijakosea, nipe sababu.

Mdogo wako,
Aimée


Kabambare, tarehe 24 Novemba 2024

Aimée, mudogo wangu,

Amani kwako. Habari za kinywa chako ninaona haya kuziuliza.

Apolline hakudanganya. Nilificha, na nilicheka pia. Lakini sikiliza. Unajua vile Mama anafanya tangu macho yalianza kukataa. Mutu akikaribia, anamushika kidevu na kumuambia, "Cheka kwanza." Anatafuta mwanya, sababu sisi wote wa tumbo yake tuko nao. Wewe ulipokuja ulicheka, mwanya hakuuona, akakupa kiti, akakuita "mwanangu", na wewe ukafurahi. Aimée, siku hizi Mama anaita kila mutu mwanangu. Pikipiki yako haijafika hata barabarani, akaniuliza, "Yule mugeni mwema ni wa nani? Na Aimée wangu atakuja lini?"

Nilimuambia ni wewe. Alisema namudanganya. Mpaka leo, kila asubuhi, anauliza. Nikawaza, mwanya ukirudi, Mama atapata mutoto wake. Sikujua namna ya kukuandikia ile maneno.

Kijikasha ninakutumia na Chadrack. Maji ya moto haikuyaona.

Yaya yako,
Dieudonnée


Kasongo, tarehe 11 Desemba 2024

Yaya,

Mimi ni mzima wa mwili, nami nawaombea nanyi uzima. Kijikasha kimefika. Nilijaribu apareyi, na haiingii tena. Upande mmoja hukaa, wa pili hubaki juu, na nikiisukuma maumivu hufika sikioni. Imebaki kama ilivyokuwa. Meno ndiyo yaliyohama.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na kila mara nafikia uamuzi tofauti. Asubuhi nakuona mwizi. Jioni nakuona binti aliyechoka kuulizwa swali moja kila siku, huku mimi nikiwa mbali. Sijui lipi ni la kweli; huenda yote mawili. Ila jambo moja halibadiliki kila nikiligeuza. Ungeniambia, huenda ningeivua mwenyewe kwa ajili ya Mama. Huenda pia ningekataa. Sasa sitajua kamwe mimi ni binti wa namna gani, maana ulijibu badala yangu, kisha ukaivaa mbele ya majirani.

Shule ikifungwa nitakuja. Mwanya umeshafunguka vya kutosha. Mama atanishika kidevu aniambie nicheke, nami nitacheka, na akilitaja jina langu nitafurahi kuliko nilivyowahi kufurahi.

Wewe usiwe chumbani saa hiyo.

Aimée