Katoni Chini ya Injini

Baba,

Pikipiki imefika Buffalo. Nimeanza na hilo kwa sababu najua hungekuwa na subira ya salamu. Imefika kwa matairi yake yenyewe, haikubebwa na gari, na aliyeiendesha ni mimi, binti yako uliyemfundisha klachi kwenye uwanja wa kanisa kule Iroquois, mtaani kwetu Louisville, huku ukifoka, "Usivute kama unakamua ng'ombe."

Unakumbuka siku ilipoletwa nyumbani? Kwenye tangi kulikuwa na jina lile lile la pikipiki ya misheni ya Uvira, ile ya Kiingereza uliyoitunza tangu ujana wako. Ulilipapasa kwa kiganja. Kisha ukachuchumaa kusoma maandishi madogo. Injini, India. Breki, Italia. Mnyororo, Japani. Uingereza ilibaki kwenye jina tu. Ukasimama, ukasema, "Bon, wameniuzia jina," ukaifunika shuka. Ulipougua hukuifunua tena. Ulikufa ukiamini umechezewa, na hilo limeniuma, Baba. Mtu aliyevumilia vita na miaka ya kambini, aje achezewe kwenye kitu kimoja alichojinunulia kwa furaha.

Halafu kwenye matanga yako, Baba Mkubwa, kaka yako huyo asiyekubali kushindwa, akasema mbele ya watu, "Ile moto, ile pikipiki yake, ni bandia. Uiuze. Donc, haitafika hata Columbus." Wakacheka kidogo, unajua watu wa matanga wanavyotafuta cha kuchekea. Mimi sikucheka. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nikamwambia nitaileta mpaka mlangoni kwake Buffalo, na ikinikatalia njiani nitaiuza hapo hapo, jina lako lichekwe mara moja yaishe.

Kiangazi hiki nikaomba ruhusa kazini kwangu ghalani, nikaiosha, nikaondoka Louisville asubuhi. Nilipanda na hasira zangu. Hazikufika mbali.

Baba, sijui nikuambieje. Ile ya misheni ulisema ilikuwa inatikisa meno mpaka mtu anasahau alikokuwa anakwenda. Hii inanguruma chini chini, sauti ya mzee anayekubali jambo, na usukani nilikuwa naushika kwa vidole tu. Malori yananipita, upepo unanisukuma, na chini yangu vyuma vya nchi zote zile vinazunguka pamoja bila kugombana. Watu ambao hawajawahi kuonana. Mmoja kachonga meno ya gia, mwingine kachomelea fremu, na kila kitu kimeingia mahali pake, hakuna kinachopiga kelele. Nilijikuta namshukuru Mungu kwa sauti ndani ya helmeti. Sikujua kazi ya mikono ya watu nisiowajua inaweza kunifanya nitake kulia.

Columbus nililala kwa Mama Mdogo Furaha. Kabla ya kuingia ndani nikatandika katoni chini ya injini, kama ulivyofanya kila jioni Uvira. Wenzako asubuhi walisikiliza redio, wewe ulisoma katoni. Tone likiwa hapa, gasketi. Likiwa kule, nati imelegea. Nilikuwa mdogo, nilidhani kila baba anasoma mafuta.

Asubuhi katoni yangu ilikuwa safi. Nikaogopa. Kwetu injini isiyovuja ilikuwa na maana moja tu, mafuta yamekwisha. Nikaona kicheko cha Baba Mkubwa kinanisubiri. Nikaenda mbio kununua chupa ya mafuta, nikafungua kizibo, nilikuwa karibu kumimina Mama Mdogo aliponigusa bega, akanionyesha kidirisha cha kioo ubavuni mwa injini. Mafuta yalikuwa yamejaa mpaka mstari wa juu, yana rangi ya asali. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa mwanangu, na sufuria yangu isiyovuja utaiogopa?"

Sikufichi kasoro, maana ungeziona mwenyewe. Bolti za bomba la moshi zimeanza kushika kutu, na kioo cha kushoto cha kutazamia nyuma kinalegea kila baada ya mwendo. Nilikikaza Columbus, kikalegea tena kabla ya Buffalo. Lakini ile injini, Baba. Ile injini uliyoifunika shuka.

Baba Mkubwa alikuwa amesimama nje. Hakunipa mkono kwanza. Alivaa miwani akaizunguka pikipiki, akasoma maandishi yale yale uliyoyasoma wewe, moja moja, kwa sauti. Kisha akaleta katoni yake mwenyewe akaitandika, hakuiamini yangu. Kesho yake nilimkuta amechuchumaa mbele yake. Alipitisha kidole chini ya injini, akakitazama, akakipitisha tena. Kidole kikavu. Akakaa pale pale chini, mzee mzima, machozi yakamtoka.

"Mdogo wangu alichagua vizuri," akasema. "Mimi nilimcheka bure." Halafu akapiga goti lake, lile la chuma walilomwekea hapa. "Hata hili sijui lilitengenezwa wapi. Na bado naitwa mwana wa Uvira."

Hawakukuchezea, Baba. Uliipapasa ukaijua kwa kiganja kabla hujasoma. Ungeliamini kiganja chako.

Sitaiuza. Nitaitunza kama ulivyoitunza ile ya misheni, nitabadilisha mafuta hata pale yanapoonekana bado mazuri, na kila nitakapolala nitatandika katoni, najua hakuna haja, nitatandika tu. Pumzika sasa, mzee wangu. Usiende na lile neno lako la mwisho juu yake.

Ninakuandikia haya kwenye katoni ya Baba Mkubwa. Yeye ndiye aliyenipa kalamu. Nikirudi Louisville nitaiweka kaburini kwako. Ukimaliza maneno yangu, igeuze. Upande ule ndio uliotazama injini usiku kucha. Usome polepole, kama zamani. Hakuna hata tone.

Binti yako.