Mama, Sauti Yako Sikuifuta

Kamwene Mama,

Wimbo umekwisha, na sauti yako imo.

Nakuambia hilo kwanza maana najua ndilo ungeuliza. Ulipotutoka, kwaya yenu ilikuwa imebakiza wimbo mmoja kwenye albamu, ule uliouongoza wewe studioni kwangu ulipokuja Mbeya kwa matibabu. Wiki ya pili baada ya mazishi, Mwalimu Yohana wa kwaya alinipigia kutoka Mlandege, Iringa.

"Pole tena, binti. Ile sehemu ya mama ifute. Tutamleta mwingine aiimbe upya."

Akasema ni sauti ya mgonjwa, inakatika, itawakumbusha watu msiba. Nikamjibu, "Sifuti, Mwalimu." Sikumpazia sauti, Mama, lakini nilimjibu hivyohivyo. Akakata simu.

Siku tatu sikufungua kompyuta. Niliogopa kukusikia. Siku ya nne asubuhi, malori yakinguruma kule barabarani Iyunga, nikabonyeza. Kabla ya kuimba ulikohoa, ukacheka, ukasema, "Subiri kwanza, nimeze mate." Nililia mpaka... basi.

Kisha nikafanya kazi. Wewe uliyesema studio ni kazi ya wahuni, halafu ukakaa kwenye kiti changu ukauliza kila kitufe kina kazi gani! Kwa hiyo nakueleza. Nilishusha treki zote, yaani kila sauti na kila ala, zikawa kimya, nikaanza na yako peke yake. Nyingine nikazipandisha moja moja, nikihakikisha hakuna inayokufunika. Besi ya kinanda ilikuwa nzito, inameza maneno yako; nikaipunguza, maneno yakatoka. Gitaa nikalisogeza kushoto. Wenzako nikawagawa huku na huku, wewe nikakuacha katikati. Pale ulipoishiwa pumzi nikainua sauti, neno kwa neno; ulipopaza nikashusha kidogo. Mwangwi nikautia kiasi tu, kama mko kanisani. Ipo programu ya kunyoosha sauti iliyopinda. Sikuigusa. Ule mpasuko wa ubeti wa tatu ni wako, si kosa.

Jumamosi nikaenda Iringa, nikawasikilizisha wenzako kwenye spika ya kanisa. Mwalimu alikuwa amekunja mikono. Ubeti wa tatu ulipofika, Mama Tulizo, yule mliyekuwa mkisimama naye bega kwa bega, akaanza kukuitikia. Wakaitikia wote, kama vile ulikuwa umesimama mbele yao. Wimbo ulipoisha, Mwalimu akasema, "Lakini sauti imepasuka."

Mama Tulizo akamgeukia. "Na sisi zetu zimepasuka, Mwalimu. Utatufuta lini?"

Wimbo ukapita vilevile, na Jumapili ukapigwa kanisani kabla ya ibada. Mwalimu ananisalimia kwa shida hadi leo. Na asinisalimie.

Kifo kimekuchukua, sikuulizwa. Ningeulizwa ningekataa. Lakini hili la sauti liliachwa mikononi mwangu, na mikono yangu si ya kifo.

Mwezi ujao wanakuja akina bibi kutoka Chunya. Studio moja imewaambia ni wazee mno, haiwezi kupoteza muda nao. Nimewaambia waje, na wasiogope.

Lala, Mama, umeimba vya kutosha. Nakuahidi: maadamu nina masikio, mwanamke atakayeimba kwangu atatoka kama alivyo, na atakayetaka kubisha aje abishane na mimi.

Binti yako,
Tumaini