Neno Lililonitoa Kazini

Chumba Na. 14, Ghorofa ya Tatu,
Jengo la Nyuma ya Hospitali.
9 Oktoba

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wote ulio nao hapo nyumbani. Goti linaendeleaje? Uliniandikia kwamba siku hizi unapanda ngazi huku unazihesabu, na shemeji anakucheka. Mwambie aache, zamu yake inakuja. Mimi sijambo sasa. Nasema "sasa" kwa sababu kuna jambo nilikuficha, na leo nalitoa, maana mficha maradhi kifo humfichua.

Mwezi uliopita nilipasuliwa jicho la kulia. Usishtuke, limepona. Daktari alilitaja tatizo kwa jina refu la kwao, lakini ni kile tunachokiita mtoto wa jicho. Nilicheka peke yangu pale kitandani: miaka yote hii sina mtoto, na huyu mmoja aliyekuja mwenyewe wamemtoa. Muuguzi aliniuliza nacheka nini. Nilishindwa kumweleza. Mzaha huo nimeutunza wiki tano nikusimulie wewe.

Najua utauliza kwa nini sikukuambia. Ungelia, na mimi nisingekuwapo kukunyamazisha.

Jambo lenyewe lilianzia kazini. Unajua nina miaka kumi na mmoja kwenye udobi wa hospitali, upande wa mashine za kufulia. Msimamizi tuliye naye ni mpya kazini, na kila kitu anataka kwa maandishi. Nilihitaji likizo ya wiki mbili. Kwa Kiingereza likizo ni "leave", neno dogo ambalo hata mtoto wa darasa la kwanza analo. Nikachukua karatasi, nikaandika: "I want to leave on Monday. It is because of my eye. Thank you." Nikaisoma mara tatu kwa jicho lile bovu, nikaona imekaa sawasawa.

Msimamizi aliisoma, akanitazama, akanipa mkono na kunitakia kila la heri. Nikadhani ni heri ya upasuaji. Nikasema moyoni, kumbe ni mtu mwema huyu.

Wiki mbili zile nilikaa hapa chumbani na kifuniko jichoni, pazia limeshushwa. Nilijua majirani kwa miguu yao tu: mwenye visigino, mwenye kuburuta ndala, mwenye kupanda ngazi mbilimbili. Hakuna aliyesimama mlangoni kwangu. Siku moja niligundua sijatoa sauti tangu asubuhi, nikakohoa kidogo kuhakikisha bado ipo.

Siku ya kurudi niliamka mapema, nikanyoa ndevu. Nilipofika, jina langu halikuwamo kwenye ratiba ya zamu. Kwenye mashine yangu alisimama mwanamke nisiyemjua, amefunga aproni yangu. Kabati langu lilikuwa na kufuli jipya. Nikaenda kwa msimamizi, naye akashangaa kuliko mimi. Akaniuliza, si uliacha kazi? Akafungua faili, akanitolea karatasi yangu mwenyewe.

Kumbe, dada, neno lile lina sura mbili. Likikaa kama nilivyoliweka mimi, maana yake ni kuondoka. Ili liwe likizo lazima useme unaichukua: "take leave". Kineno kimoja tu mbele yake nilikiruka, na kazi ikaenda. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Mimi toka nilijiambia mwenyewe, nikatia na sahihi.

Lakini hilo silo lililoniuma. Kilichoniuma ni kwamba waliamini. Miaka kumi na mmoja, wakasikia nimeondoka, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kulikoni. Kuku akipotea jioni watu humtafuta.

Nilikuwa natoka nje ya lango niliposikia mtu ananikimbilia. Ni mama mmoja mpiga pasi, moyoni namwita Mama Mvuke. Naye si mwenyeji. Katoka mbali upande mwingine kabisa, na lugha yake siijui. Miaka sita tumefanya kazi tukipeana migongo, mashine zinanguruma, salamu yetu ni kutikisa kichwa. Mkononi alishika buti zangu za mpira. Kabati lilipofunguliwa ili vitu vyangu vitupwe, alizichukua akazificha kwake. Alimwendea msimamizi akamwambia mtu anayeacha kazi haachi buti zake. Msimamizi akamjibu arudi kwenye pasi.

Akanipeleka kantini, akaninunulia chai, akanikalisha kama mwanafunzi. Neno lile yeye alifundishwa na msiba. Mama yake alipofariki aliliomba mara mbili kwa makosa, na walipomwelewa mazishi yalikuwa yamekwisha. Kiingereza chake ni cha kuungaunga kama changu, lakini hapo hakosei.

"Sema ulikuwa wapi," aliniambia kwa Kiingereza chake hicho.

"I was on leave."

"Sema hukufanya nini."

"I did not leave."

"Tena. Usitazame chini."

Nilisema mpaka chai ikapoa. Watu wa meza ya pili walihama.

Tulipanda pamoja kwa meneja. Mama Mvuke alisimama mlangoni, mikono kifuani, pasi zikimngoja. Nilisema sentensi zangu mbili, nikaongeza kwamba jicho limepona na naomba kazi yangu. Meneja aliisoma karatasi kwa muda, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kingine. Kisha akamwita msimamizi, akamwuliza kama alinihoji chochote siku ile. Msimamizi akakiri hakuniuliza.

Nimerudishwa, dada, ila si mahali pangu. Yule mwanamke ameshaandikwa, na sitaki atolewe kwa kosa langu. Mimi nimepelekwa chini, chumba cha kuchambua shuka chafu. Hakina dirisha, na niko peke yangu na matoroli. Siku za kwanza niliona heri ningebaki nje.

Ila sasa saa ya chakula Mama Mvuke hushuka na chakula chake, hukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, tukala. Hatuna maneno mengi. Juzi aliniambia na yeye anataka neno moja la kwetu, kwa kuwa amenipa la Kizungu. Nikampa "karibu", nikamweleza ni la kumwambia anayefika. Maelezo yangu hayakumfikia vizuri, maana hulisema wakati wa kuondoka. Husimama, hukung'uta makombo, akifika kwenye ngazi hugeuka na kusema, "Karibu." Sijamsahihisha.

Nisalimie shemeji, na mama mdogo, na kitinda mimba wako ambaye nasikia sasa anakupita urefu. Mungu akulinde goti na moyo, akujalie usingizi mwema, na akuweke mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote.