Pale Santuri Ilipokwama

Data, baba yangu mwalimu wa kwaya wa Titye,

Unaikumbuka ile santuri ya okestra aliyokuachia padri Mjerumani alipohamishiwa Kibondo? Alisema mtunzi wake ni wa siku hizi, bado yu hai kwao. Ukaanika betri juani, ukaweka sindano, na loo! Mara kimya, mara kishindo, mara fidla zinalia kama mbuzi waliosahauliwa malishoni. Mama akauliza, "Hawa wanapiga muziki au wanahama nyumba?"

Wewe ukasema, "Tutauimba."

Mkaidi wewe! Wazee wa kanisa walikuonya: ukituaibisha Sikukuu ya Mavuno, kwaya anapewa mwingine. Nilijua ukinyang'anywa kwaya hutakula wiki nzima. Hata hivyo ulitugawia sehemu: wanaume tarumbeta, akina mama fidla, mimi na dada filimbi, ngoma zikabaki ngoma. Na pale katikati, "pa-pa-ruu" ilipojirudia mara saba, ulituchapia hesabu kwa fimbo yako. "Saba! Atakayeimba sita atanijua!"

Siku ya sikukuu padri alikuja kutoka Kibondo, akakaa mbele na wazee. Tulipofika kwenye pa-pa-ruu, akafunika uso kwa mikono. Mabega yakatikisika. Nikajua tumekwisha, Data; nilikuona jasho shingoni, lakini fimbo haikusimama.

Kumbe anacheka! Akasimama, machozi yanamtoka. "Mwalimu, hapo haijirudii! Santuri yangu ina mkwaruzo, sindano hukwama!"

Ukamjibu taratibu, "Basi, Padri, aliyeikwaruza alikuwa fundi."

Akapiga makofi, akaomba turudie. Wazee nao, wanafiki wale, wakapiga kuliko wote. Kwaya ikabaki yako mpaka ulipozikwa, na tulikuzika kwa pa-pa-ruu saba kamili.

Juzi mjukuu wangu hapa Kasulu alinitafutia muziki ule kwenye simu. Safi kabisa, hauna mkwaruzo. Ulipofika pale ukapita moja kwa moja, na moyo ukaniuma. Nikaimba zile sita zilizobaki, kwa sauti, nahesabu kwa mwiko.

"Bibi, unakosea," akasema. "Haijirudii hivyo."

"Nyamaza," nikamwambia. "Anayekosea ni huyo wa kwenye simu."

Nimekukumbuka mno, Data. Hesabu bado ni saba.

Binti yako,
filimbi ya pili