Kigamba Cheupe cha Kisima cha Tano

Jumanne, 6 Machi 1956

Merle amelamba kidole sasa hivi, akakibandika kwenye punje ya sukari mezani, akaiinua kwenye mwanga. Akafumba jicho moja. Miaka mitatu tu! Ananiiga mimi na brashi yangu kazini. Nami naokota vigamba vya vidudu vya bahari, vidogo kuliko punje ile, kwenye mawe ya visima vya mafuta. Bwana Lezama, mkuu wetu wa maabara, anasema kila aina iliishi zama zake ikatoweka, ndiyo maana kigamba hutaja umri wa jiwe. Mji wetu wote wa San Fernando ulikuwa chini ya maji. Leo sokoni nilikuwa kama nawaona samaki wakipita juu ya kofia za watu.

Alhamisi, 8 Machi

Nimekiokota mimi. Jiwe la kisima cha tano. Cheupe, bapa, kama roti ya mwanasesere. Bwana Lezama alikiweka chini ya hadubini. Kumbe aina hiyo iliishi kilindini, kwenye giza, na jiwe ni la kale kuliko walivyodhani wakubwa wa kampuni. Huenda wakaendelea kuchimba. Ameniambia wiki ijayo nihamie meza ya dirishani, kwenye hadubini, anifundishe majina ya vigamba. Mimi, niliyeishia darasa la nne.

Verlyn, tunayeosha naye mawe, akasema haya mwalimu, usitusahau sisi wa matope.

Nawaza bahari ile. Vigamba vinashuka polepole, kama unga. Hakuna sauti.

Ijumaa, 9 Machi, asubuhi

Kidole cha Merle ni cha buluu. Ametoa chupa kwenye mfuko wa aproni yangu — rangi ya chekeche!

Tukimaliza kuosha jiwe moja tunachovya chekeche kwenye maji yenye rangi hiyo. Kigamba kilichonasa kwenye nyuzi kikitoka na jiwe linalofuata, kinakuwa cha buluu, tunakitupa. Na aproni hiyo iko hapa nyumbani tangu juzi, chupa ikiwa ndani. Jana sikuiona, nikadhani Verlyn ameshachovya. Naye atakuwa alidhani mimi.

Basi kigamba changu cheupe kinaweza kuwa cha jiwe jingine.

Hakuna anayejua. Merle tu, na anacheka.

Meza ya dirishani. Mwanga mzuri pale.

Lakini nusu ya jiwe imebaki kwenye mfuko wake kule maabara. Tukiiosha upya, chekeche safi, labda kitatokea kingine. Labda. Nitamwambia Bwana Lezama kabla hajapeleka taarifa, kwamba jana sisi—

Verlyn yuko langoni. "Mama Merle, toka basi! Wakubwa wamefika, wanataka kumwona mwenye jicho."

Naja. Chupa ninayo mkononi, na nikifika tu nitamwambia Bwana Lezama kwamba—