Mawe ya Hiangura

Okakarara, Namibia
19 Agosti, 2019

Mpendwa mwanangu Kaunahange,

Hujambo, na mkeo, na watoto? Na ng'ombe je? Huku ukame umewakausha hadi fahali anaona haya kusimama penye watu, lakini nasikia huko Maun mto bado una maji, basi wako natumaini wamenenepa. Mimi mapafu yamechoka. Daktari sasa ananihudumia kwa adabu ile ya mtu anayekusindikiza mlangoni. Naandika nimeegemea mito, uuvumilie mwandiko.

Wiki iliyopita tulikwenda kumwamkia babu yangu Hiangura, baba wa mama yangu na wa mdogo wake, bibi yako. Wajerumani walimpiga risasi mwaka 1904, na kaburi lake limo ndani ya shamba ambalo babu wa Ludeke, mwenye shamba wa sasa, aligawiwa baadaye, kama mgeni anavyopewa kiti. Kila mwaka tunabisha getini, tunaomba ruhusa ya kumwona mtu wetu, tunapewa, tunashukuru. Kisha kila mmoja anataja jina lake na kuweka jiwe juu ya kaburi. Rundo lilikuwa limenifika kifuani.

Safari hii Ludeke mwenyewe alitufungulia, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mwalimu, nimewaandalia zawadi!"

Rundo halikuwepo. Palikuwa na saruji iliyopakwa chokaa, mnyororo kuizunguka, na kibao: MHERERO ASIYEJULIKANA.

"Pamependeza, sivyo? Palikuwa kama jaa."

Dada yangu Uerikondjera, na gauni lake refu na kilemba chake cha pembe mbili, akamsogelea. "Na mawe umeyapeleka wapi, mwanangu?"

"Nimezibia mashimo ya barabara. Mmepita juu yake mkija."

"Basi tumemkanyaga mama, maana jiwe lake lilikuwemo. Na huyu asiyejulikana ndiye nani? Kila mwaka tunamwita hapa kwa sauti, hadi mbwa wako wanalijua jina lake!"

Ludeke akacheka, akidhani ni utani. Hilo ndilo linalonichefua. Babu yake alikuja na bunduki, na angalau alijua amekuja kufanya nini. Huyu anakuja na ndoo ya chokaa, halafu anasubiri ashukuriwe.

Aliponiona nakohoa, akaniambia kwa upole kwamba nikifa naruhusiwa kuzikwa pale, kando ya babu. Ila watu wawe wachache, farasi wasiingie, ng'ombe wasichinjwe, na geti lifungwe kabla jua halijazama. Mazishi ya Mherero bila ng'ombe wala farasi! Hata paka wake angezikwa kwa heshima zaidi.

Mwanangu, nina jambo la kukiri kabla sijafa. Miaka yote nimesimama darasani na kanisani nikisema nimewasamehe. Wageni kutoka Ujerumani walinishika mikono yote miwili, wakalia, wakapiga picha. Sikusamehe. Nilikuwa nawadharau tu, na dharau ikinyamaza hufanana sana na upole. Hata mafuvu ya ndugu zetu, waliyoyachukua wakati wa vita, yaliporudishwa kutoka kwao, nilisoma sala kwa sauti tamu huku natamani kutema mate.

Na nakiri pia kwamba kulala kando ya Hiangura ndicho kitu nilichokitaka tangu utoto. Lakini nilimwambia Ludeke, "Hapana." Sikuwa nimewahi kulitamka neno hilo mahali pale. Lilikuwa tamu kuliko maziwa ya mgando.

Nitazikwa hapa Okakarara, kando ya mke wangu, na farasi wote waje.

Sasa sikiliza. Bibi yako alivuka jangwa la Omaheke hadi huko kwenu akiwa mgongoni mwa mama yake, wakiwakimbia Wajerumani, na hakurudi tena. Jiwe lake halikuwekwa kamwe. Chukua moja kwenye kaburi lake huko, uje nalo. Nizike mimi kwanza. Kisha nenda kwa Hiangura, ulitue juu ya chokaa ile ile, utaje jina lako, la bibi yako, na la Hiangura mwenyewe, kwa sauti. Ludeke akiliondoa, weka jingine. Nchi hii ina mawe ya kutosha. Na akikufungulia geti, ingia tu, usimwambie asante.

Nisalimie mama yako Mbakumua na mzee Vekuii, mwambie bado namdai mchezo mmoja wa bao. Wazee wetu wakulinde njiani, na moto wao mtakatifu usizimike uani kwako.

Ni mimi mzee wako, ninayekupenda kwa moyo wote uliobaki,

Tjizembua