Niliyetembea Mipaka ya Shamba la Kasha

Papa,

Shamba lako la Kasha limeuzwa. Ningeanza na salamu za nyumbani, lakini wewe haukupenda mutu anayezungukazunguka na maneno. Institut, ile shule ya kilimo ya serikali uliyoipa zawadi, imeliuza, na aliyemuonyesha mununuzi mipaka ni mimi, Furaha wako.

Unakumbuka ulipolitoa? Mimi nilikuwa nimeanza tu kufundisha pale. Tonton, ndugu yako, alikucheka, akasema ni nani mwenye akili anayeipa serikali udongo, serikali isiyoziba hata mashimo ya barabara. Ukamujibu: "Siwapi wakubwa. Ninawapa batoto wanaosoma kilimo kwenye ubao bila kushika jembe." Halafu ukavua viatu, ukatembea mupaka wote, majirani nyuma yako, na mwishoni tukakunywa kasiksi. Kwetu udongo unahama hivyo: mwenye shamba anatembea, jirani anaona, pombe ya ndizi inakunywewa. Mimi nilikuwa nacheka njiani kwa sababu miguu yako ilijaa matope.

DG mupya, mukubwa wa Institut, alikuta paa la labo, chumba cha majaribio, limeoza. Akasema zawadi iko mali ya Institut, inaweza kuuzwa, na karatasi zote ziko sawa. Lakini majirani wa Kasha walikataa kabisa. Walisema muzee akiwa kaburini, bila mutu wa damu yake kutembea, mununuzi hataweka hata jiwe. Basi DG akaniita, akaniongelesha kwa upole: "Madame Furaha, ni kutembea tu." Wiki ile walikuwa wanatafuta mutu wa kuongoza section yetu, idara ninamofundisha. Sitakudanganya, Papa, nilikuwa naitaka nafasi hiyo.

Nilitembea. Na viatu vyangu vya kazi, sikuvivua. Jirani yako, yule muliyekuwa munachunga naye ng'ombe, alinifuata nyuma. Mununuzi, mufanyabiashara wa dhahabu wa Kamituga, akanimiminia kasiksi, nikakunywa hadi chini, watu wakarudi kwao. Migomba yako ilikatwa kesho yake. Wanafunzi wamerudi kwenye ubao.

Labo imepata bati mupya, hiyo iko kweli. Pesa iliyobaki imekwenda wapi, kwenye mukutano hakuna aliyeuliza, hata mimi. Na section walimupa mutu mwingine. Ilinistahili.

Lakini kinachoninyima usingizi ni Maman. Hajui kitu. Kila Jumapili nikifika kwake Bagira ananipa mbegu za maharage, amezichagua moja moja, amezifunga ndani ya kitambaa. "Peleka kwa batoto ba papa, wapande mbele ya mvua kuanza." Ninapokea. Ninamuambia wanafunzi wanashukuru sana. Nikifika nyumbani ninashindwa kuzitupa, basi ninazipika. Tumekula mbegu zako, Papa, mimi na bajukuu bako, na watoto waliomba waongezewe.

Siwezi kurudisha shamba. Nimeuliza, nimeambiwa ukuta umeshapanda. Lakini Jumapili hii Maman akininyooshea kile kitambaa, sitapokea. Ataniuliza kwa nini, na mimi nitamujibu yote, nimekaa mbele yake, bila kuanza kwa kumutupia DG lawama.

Pumzika, Papa. Ninakuahidi hilo moja tu. Na Maman akianza kulia, tafadhali, usinitetee.

Furaha